Kongamano la Baiolojia na Tiba Nairobi: Maswali Mnayotuuliza Kila Msimu

Kila msimu wa makongamano ukikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Nimekaa meza ya usajili miaka kadhaa, nikigawa vitambulisho vya shingoni na kutafuta pini za mabango, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi niliyeogopa hata kuikaribia meza hiyo. Basi nimeyakusanya maswali hapa. Kila kongamano lina masharti yake, kwa hiyo tarehe na viwango vya ada visome kwenye tangazo la kongamano lenyewe. Mengine karibu yote hufanana.

Mimi ni mwanafunzi tu. Kongamano hili linanihusu?

Hilo "tu" liache nyumbani. Ukumbi wenyewe hujazwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wataalamu wa maabara, madaktari wa hospitali za kaunti, madaktari wa mifugo, watu wa wadudu, watu wa takwimu. Maprofesa ni wachache, na wengi wao huondoka siku ya pili mchana.

Kongamano likiitwa la kanda, kuna sababu. Kupe wa ng'ombe wa Kajiado ndiye huyo huyo wa Longido, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Anayemchunguza upande mmoja bila kuzungumza na wa upande wa pili anafanya nusu ya kazi. Wa shahada ya kwanza mnakaribishwa, hata kama mnakuja kusikiliza. Wa sekondari njooni na mwalimu, na mwalimu aandike mapema.

Utafiti wangu haujaisha. Nitume ikisiri, ule muhtasari wa kazi yangu?

Tuma. Kazi inayoendelea hukubaliwa kama unayo ya kuonyesha. Kinachokataliwa ni ile sentensi ya mwisho isemayo "matokeo yatajadiliwa". Msomaji wa kamati akiikuta hiyo anajua huna kitu. Ikiwa ulipanga sampuli 200 na umepima 60, andika 60, useme ulichokiona katika hizo 60, na useme zilizobaki ziko njiani. Hakuna atakayekucheka. Watakucheka ukitoa hitimisho la 200.

Ikisiri nzuri huandikwaje?

Anza na kichwa. "Uchunguzi kuhusu mbu wa Mwea" hakimwambii mtu lolote. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha wadudu cha Nairobi, na wenzao walichapisha habari za kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu aina ya Anopheles arabiensis: mbu waliokuwa nacho hawakukutwa na vimelea vya malaria. Kazi kama hiyo ukiipa kichwa cha "Mbu wa Mwea wenye Microsporidia MB hawakukutwa na vimelea vya malaria", msomaji amekwisha kujua nani, wapi na nini, na bado hajaanza kusoma.

Baada ya kichwa una maneno 250 au 300 hivi. Wengi huyamaliza kwenye utangulizi: "Malaria ni ugonjwa hatari unaoua watoto wengi barani Afrika." Ndugu yangu, nusu ya ukumbi imewahi kuugua malaria. Utangulizi uwe sentensi mbili: kinachojulikana, na kisichojulikana ambacho umekifuata. Kisha ulifanya nini, wapi, kwa wangapi. Kisha namba. "Kulikuwa na tofauti kubwa" si tokeo. Kubwa kiasi gani, kati ya nani na nani?

Mpe asome mtu wa fani jirani. Kama unachunguza protini, mpe mtu wa samaki. Akikuuliza maana ya kifupisho kimoja, kiondoe au kifafanue.

Jambo lingine dogo lenye kuvunja urafiki: majina ya waandishi. Waulize wote kabla ya kutuma, akiwemo msimamizi wako, na usimsahau aliyekesha na mashine usiku. Nimeona watu wakinuniana kwenye foleni ya chai kwa sababu ya jina lililoachwa.

Nimepewa bango, si wasilisho la mdomo. Nisikitike?

Swali hili nalipenda, kwa sababu nami nilisikitika. Niliona nimetupwa korido ya nyuma, karibu na vyoo, nisimame na matokeo yangu yaliyobandikwa ubaoni, wakati wenzangu wanapanda jukwaani. Nilikuwa na tatizo nililolificha: katika PCR zangu, yaani vipimo vya kunakili DNA, sampuli tupu za kulinganishia zilikuwa zinaonyesha mistari ambayo haikupasa kuwepo. Nilikuwa nimehangaika nalo miezi. Akapita mama mmoja, mtaalamu wa maabara kutoka magharibi mwa Kenya, akaitazama picha ya jeli kwa muda, asiulize habari za nadharia yangu hata kidogo. Akaniuliza, "Haya maji mnayachota wapi?" Nikamwambia: chupa moja, sote tunachangia. Akacheka. Niliporudi nikafungua chupa mpya, nikaigawa katika vijichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Mistari ikapotea.

Jukwaani ningepewa dakika 10 za kusema na 5 za maswali, na maswali yangeulizwa na watu watatu wanaopenda kusikika. Yule mama asingenyoosha mkono. Mbele ya bango watu huuliza ya kweli.

Kwa hiyo simama hapo muda wote uliopangiwa. Usiligeuzie bango mgongo kwa sababu unachati. Mtu akisimama, usimkaririe bango zima. Muulize yeye anafanya nini, kisha umwonyeshe sehemu inayomgusa.

Bango liwe na ukubwa gani, na nichapishe wapi?

Kawaida ni A0, yaani milimita 841 kwa 1189, likiwa wima. Lakini soma maelekezo, kwani mbao nyingine ni za kulaza, na bango la kulaza kwenye ubao wa kusimama hukunjwa kama kanga dukani.

Katikati ya jiji, River Road kuna maduka ya uchapishaji mengi, na bei ni za kuelewana. Uliza kama wanachapa juu ya kitambaa: linakunjwa likaingia begini na halipasuki. Nenda siku moja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Umeme hukatika, na wino wa bluu huisha wewe ukiwa wa kwanza kwenye foleni.

Maandishi yasomeke mtu akiwa hatua mbili mbali. Michoro usiifanye ya nyekundu na kijani pekee, maana wapo wasiotofautisha rangi hizo, hasa wanaume. Na bango si tasnifu. Nafasi tupu haijamuua mtu.

Naweza kuwasilisha kwa Kiswahili?

Mara nyingi lugha rasmi ni Kiingereza, na pengine kuna wakalimani wa Kifaransa kwa ajili ya wageni wa Burundi na Kongo. Umoja wa Afrika uliikubali lugha yetu kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, ila kumbi za sayansi bado hazijaipata habari hiyo. Waandikie waandaaji uwaulize. Maombi yakiongezeka wataanza kufikiria. Korido, lakini, ni za Kiswahili tangu zamani. Mtu wa Mwanza na wa Bungoma wakikutana kwenye chai hawazungumzi Kiingereza dakika ya tatu.

Ushauri wangu: hata kama utawasilisha kwa Kiingereza, ieleze kwanza kazi yako yote kwa Kiswahili, kwa mtu asiye wa fani. Shangazi anafaa sana, kwa kuwa hana adabu ya kujifanya ameelewa. Utagundua ni wapi wewe mwenyewe hujaelewa, na umekuwa ukijificha nyuma ya istilahi.

Na utagundua lugha imekwisha kufikiri kabla yako. Kimelea ni kile kinachomelea, kinachoota juu ya mwenzake na kula kwake. Chanjo imetoka kwenye kuchanja, chale zile zile za mganga. Usugu wa dawa sijaona neno la kuushinda: sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe, iliyochubuliwa mara nyingi hadi haisikii tena. Bakteria aliyepigwa dozi nusu nusu ameota sugu. Mweleze hivyo mgonjwa anayeacha vidonge siku ya tatu, ataelewa haraka kuliko kwa mchoro wowote. Jeni na protini ni za kukopa, na hakuna aibu. Meza na kalamu nazo tulikopa.

Nitaulizwa kuhusu vibali vya maadili?

Ndiyo, na fomu nyingi za ikisiri huomba namba ya kibali. Kwa utafiti uliofanyika Kenya, njia ni hii: kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Vyote viwili kabla ya sampuli ya kwanza. Kibali hakirudi nyuma: ukikusanya damu Machi na kibali kikatoka Juni, damu ya Machi huna ruhusa nayo. Wanyamapori wana vibali vyao vya ziada. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo kwenye slaidi yako kusiwe na jina la mgonjwa, wala ile namba ya faili iliyosahaulika pembeni ya picha ya eksirei. Hiyo nimeiona zaidi ya mara moja.

Wanafunzi wengi huona haya yote kama makaratasi ya kuwachelewesha. Lakini wengi wetu tumekua tukitishwa na mumiani, watu wa kwenye magari wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu. Hofu hiyo ni ya zamani katika pwani na bara lote hili, na haikuota bure. Watafiti waliofanya kazi Kilifi wameandika jinsi uchukuaji wa damu ulivyowatia wazazi wasiwasi: inakwenda wapi, kwa nini nyingi hivyo, nani anaiuza? Ukija na sindano, gari jeupe na fomu ya kurasa nne kwa lugha ya chuo, unavaa kanzu ya mumiani mwenyewe. Ridhaa ni mazungumzo, kwa lugha ya mwenye damu, na mwenye damu akiwa na haki ya kusema hapana na bado akatibiwa.

Nairobi yenyewe ina mfano ambao huibuka karibu kila mjadala wa maadili. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wanaouza ngono eneo la Pumwani, Majengo. Baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya ukimwi ingawa walikutana navyo mara kwa mara, na miili yao ikaifundisha dunia mengi kuhusu kinga. Mtu atauliza ukumbini: wao walipata nini? Usilikwepe swali hilo likikuangukia wewe. Ni swali la haki, na lina majibu zaidi ya moja.

Naweza kuja na sampuli, nikapime kwa rafiki nikimaliza kongamano?

Hapana. Sampuli ya kibaiolojia haivuki mpaka kwenye mkoba wa safari, hata ikiwa ni DNA iliyokaushwa kwenye karatasi. Inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili, kibali cha kutoka na kibali cha kuingia, na ufungaji maalumu. Itifaki ya Nagoya, mapatano ya kimataifa yaliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, imeongeza sharti kwamba nchi yenye viumbe hao ikubali na igawane faida. Njoo na takwimu. Rafiki mpatane, mkataba ufuate.

Ada ni ngumu. Nifanyeje?

Jisajili mapema, kwani bei hupanda kadiri siku zinavyosogea, na wanafunzi hupunguziwa wakionyesha kitambulisho cha chuo. Ufadhili wa nauli na malazi mara nyingi huombwa pamoja na ikisiri, kwenye kisanduku kidogo ambacho watu hawakioni. Kijaze. Waulize pia idara yako na mradi wa msimamizi wako, kwa maandishi. Waandaaji huhitaji watu wa kuongoza wageni na kubeba vipaza sauti. Wanaojitolea huingia bure mara nyingine, na husikia mazungumzo mazuri kuliko walioketi.

Malipo yafanye kwa benki au namba ya M-Pesa ya taasisi, na jina linalotokea kwenye simu liwe la taasisi. Likitokea jina la mtu binafsi, acha.

Na posho? Wanafunzi hawalipwi kuhudhuria. Tumelisema kwa upole miaka yote, na bado kila asubuhi ya mwisho kuna mtu anayeuliza ni wapi anatia sahihi.

Nimealikwa kwa barua pepe kuwa "msemaji mkuu". Ni kweli?

Uko mwaka wa pili wa uzamili na unaitwa msemaji mkuu? Karibu kwenye utapeli wa kisomi. Nalizungumza kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulipa. Barua ilinisifu kuliko mama yangu alivyowahi kunisifu. Nilipofika hotelini palikuwa na chumba kimoja, watu kumi na mmoja, na mada zilizotoka meno hadi mbolea. Kila mmoja alisoma slaidi zake, akapewa cheti, akaenda zake. Sikupata hata swali moja.

Dalili ni hizi. Ikisiri yako imekubaliwa ndani ya saa chache, bila mtu kuuliza chochote. Fani zote duniani ziko kwenye tangazo moja. Kamati haina majina, au ina majina ambayo wenyewe hawajui wametajwa (waandikie uwaulize, hujibu kwa hasira). Mada ya mwaka huu ni ile ile ya mwaka jana, mji ndio umebadilika. Kabla ya kulipa, mwonyeshe msimamizi wako au mkutubi wa chuo. Wakutubi wanajua mambo haya kuliko sisi.

Natoka nje ya Kenya. Nahitaji nini?

Tangu Januari 2024 Kenya haitoi tena viza ya kawaida. Wageni huomba idhini ya mtandaoni, eTA. Raia wa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hawaihitaji. Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuja na kitambulisho cha taifa. Wengine shikeni pasipoti. Wa kutoka mbali zaidi, angalieni masharti kwenye tovuti rasmi ya serikali, yanabadilika. Ombeni barua ya mwaliko mapema, na mje na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mara nyingi huulizwa unaporudi nyumbani, ukiwa umeshakisahau hotelini.

Wa Kigali, Bujumbura na Bukavu: saa ya Nairobi iko mbele yenu kwa saa moja. Kila mwaka kuna anayekosa ufunguzi kwa hilo.

Nifikeje, na mjini nizungukeje?

Kutoka Mombasa, treni ya SGR inakushusha Syokimau, si katikati ya jiji. Kuna treni ndogo ya kukupeleka hadi stesheni ya zamani mjini. Kutoka Arusha kuna mabasi makubwa na madogo kupitia Namanga. Matatu za mjini ni za haraka na za kelele. Uliza nauli kabla ya kupanda, maana hupanda mvua ikinyesha. Jioni ya saa kumi na moja usipange kuvuka jiji. Msongamano wa Waiyaki Way au Mombasa Road haujali kwamba wewe ndiye mwenyekiti wa kikao.

Njoo na sweta. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai wageni wa pwani hukaa ukumbini wamejikunyata kama kuku wa mvua. Mwinuko huo huo ndio sababu malaria ni haba hapa. Ndiyo, tunajua: watu mia kadhaa hukutana kuzungumzia malaria katika mji ambao mbu wake hawaienezi sana.

Nivae nini? Chakula je?

Nguo safi na viatu vya kusimamia saa nne. Suti si lazima. Chakula cha mchana hutolewa. Ukikichoka, kibanda cha jirani kina chapati na madondo kwa bei ya haki.

Nimwendeeje profesa ambaye nimesoma kazi zake zote?

Usimvamie anaposhuka jukwaani wala akiwa na sahani mkononi. Msubiri karibu na mabango. Salamu kwanza, "Shikamoo Prof" haijamchukiza mtu wa rika lake, kisha jina lako, chuo chako, na swali moja tu. Swali lenyewe lisiwe "naomba nafasi ya uzamivu." Liwe la kazi: "Prof, katika utafiti wenu mliacha watoto walio chini ya miezi sita, kwa nini?" Atasimama. Akikupa anwani, mwandikie ndani ya siku tatu, mistari mitano, umkumbushe mlizungumza nini.

Tena usiwatafute maprofesa peke yao. Mwaka 1984 mifupa ya binadamu wa kale aitwaye Kijana wa Turkana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, iligunduliwa na Kamoya Kimeu, mtu ambaye hakupitia chuo kikuu. Aliona kipande cha fuvu kati ya mawe ya rangi ile ile. Watu wenye jicho la namna hiyo wako kwenye kila maabara, na vitambulisho vyao vya shingoni havina "Dkt."

Kuna ziara za maabara? Nichague ipi?

Zikiwepo, jiandikishe siku ya kwanza asubuhi. Nafasi huisha kabla ya chai.

Kasarani kuna icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya sayansi ya wadudu. Ukitaka kuona jinsi mtu anavyomlisha mbu damu bila kuumwa yeye, ni huko. Makao makuu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979, yako Mbagathi. Kazi yake ninayopenda kutaja ni chanjo ya malaria: RTS,S ilijaribiwa, pamoja na kwingineko, Kilifi na magharibi mwa Kenya, mwaka 2019 ikaanza kutolewa kwa majaribio katika Kenya, Ghana na Malawi, Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Wauguzi na wasaidizi wa vijijini waliofanya kazi hiyo baadhi yao huja kongamanoni. Watafuteni.

Lakini mimi ningekwenda ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, upande wa Uthiru, nikaulize habari za ndigana kali. Ugonjwa huu wa ng'ombe huletwa na kimelea Theileria parva, anayebebwa na kupe. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970 watafiti walikamilisha njia ya ajabu kidogo: ndama anapewa vimelea hai, na papo hapo anachomwa dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Anaugua kidogo, anapona, na anakaa na kinga. Mchanganyiko wenyewe una aina tatu za vimelea na huitwa kwa jina la Muguga. Kuutengeneza ni balaa: kupe hulishwa juu ya ng'ombe, kisha husagwa, na mchanganyiko hugandishwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji hadi siku ya matumizi. Wafugaji wa Kimaasai upande wa Tanzania wameutumia kwa ndama wengi, nao huulipia. Ukitaka kujua kwa nini chanjo rahisi zaidi haijapatikana baada ya miaka hii yote, uliza, kisha kaa chini. Jibu ni refu na ni tamu.

Kwa asiyepata nafasi: Makumbusho ya Taifa yako Museum Hill, unaweza kutembea kwa miguu kutoka kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana wa Turkana yuko humo.

Naruhusiwa kupiga picha mabango ya wengine?

Muulize mwenyewe. Akikataa, mwachie, huenda bado hajachapisha.

Nina mtoto anayenyonya.

Njoo naye. Tuandikie kabla ili tukutafutie chumba chenye mlango unaofungwa. Tukisahau, tukumbushe bila haya.

Cheti nitapataje?

Siku ya mwisho, au kwa barua pepe. Angalia tahajia ya jina lako wakati wa kujisajili. Wanaokuja kubadilisha "Wanjiru" iliyoandikwa "Wanjiku" ni wengi kuliko wanaouliza maswali ya jeni.

Bango langu limebaki kwenye matatu!

Huulizwa kila mwaka, na daima saa mbili kasorobo asubuhi. Kumbuka jina la sacco lililoandikwa ubavuni mwa gari, nenda steji yao, mweleze msimamizi wa steji: bomba refu la karatasi, kiti cha nyuma. Makanga hupigiana simu, na mara nyingi hurudi, hasa kwa kuwa hakuna wa kumuuzia. Wakati unasubiri, mpe mtu wa meza ya usajili faili ya PDF iliyo kwenye simu yako, tukuchapie kurasa za A4 tuzibandike kwa selotepu. Tulifanya hivyo mara moja, kurasa kumi na sita, mbili zikiwa zimepinduka. Watu walisimama pale kuliko kwenye bango lolote.